Njia Moja, Siku Kumi na Tano

Anayetaka kuanza kutembea na kamera kwa kawaida huuliza maswali mawili: ninunue kamera ipi, na niende wapi penye mandhari nzuri. Wauza kamera wanalo jibu la swali la kwanza, mawakala wa utalii wanalo la pili, na majibu yote mawili yanagharimu fedha. Makala haya yanatoa jibu la tatu, ambalo ni bure: chagua njia moja fupi ya kilomita tatu au nne, iliyo karibu na unapolala, kisha uitembee mara nyingi kwa siku na saa ulizozichagua kwa hesabu. Mandhari ya mwambao wetu haitulii. Ufuo mmoja una sura yake asubuhi ya mwezi mpevu na sura nyingine kabisa juma moja baadaye, na tofauti ya sura hizo mbili mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti ya Jambiani na Diani zinapotazamwa katika maji na mwanga wa aina moja. Kwa hiyo anayezuru fuo kumi mara moja moja anacheza bahati nasibu, na anayeurudia ufuo mmoja anajua anachokwenda kukikuta.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yenye amri. Katika mwambao wa Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Dakika hizo chache zikijumlishwa hufanya kila siku saa za maji zisogee mbele kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, tofauti ya maji makuu na maji madogo katika pwani ya Unguja, Dar es Salaam au Mombasa hufika mita 3 na wakati mwingine hukaribia 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 au zaidi kidogo. Ufuo usio na mteremko mkali ukipoteza mita 3 za maji, bahari huondoka mamia ya mita na kuacha nchi mpya: mchanga wenye mistari ya mawimbi, vidimbwi, nyasi za bahari, mashua zilizolala ubavu. Saa sita baadaye nchi hiyo haipo.

Faida ya jambo hili kwa mwenye kamera ni kwamba mwezi na saa vina mapatano ya kudumu. Katika sehemu kubwa ya pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Maji mafu hufanya kinyume: hujaa katikati ya asubuhi na hupwa alasiri kuelekea jioni. Wavuvi hawahitaji kuandikiwa haya. Anayeijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anayajua maji kwa makadirio mazuri: mwanzo wa mwezi na katikati yake ni bamvua, tarehe saba, nane, ishirini na mbili au ishirini na tatu ni maji mafu. Ndiyo sababu Idi el-Fitri, ambayo huja mwezi unapoandama, huja daima na bamvua, na watoto wanaokwenda kuogelea alasiri ya sikukuu hukuta maji yamejaa.

Kuhusu jua, wasemaji wa Kiswahili tumebahatika kuliko tunavyofahamu. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, namba inayotajwa na saa hiyo ni kipimo cha mwanga. Saa moja asubuhi maana yake ni kwamba jua lina takriban saa moja tangu litoke. Saa tatu maana yake limepanda karibu nusu ya safari ya kufika utosini, na kivuli cha mtu kinakaribia kulingana na urefu wake. Saa sita liko juu ya kichwa au karibu yake. Saa tisa limeshuka nusu. Kanuni ya kazi inatoka humo humo: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, mwanga uko ubavuni, unachonga kila tuta la mchanga na kila shina la mnazi, kikiwa kifupi kuliko wewe, mwanga unamiminika kutoka juu, macho ya watu yanaingia gizani na mchanga unakuwa bapa. Kumbuka pia kwamba kwetu jua hushuka karibu wima. Wasomaji walioko Ulaya huwa na jioni ndefu ya mwanga laini, na wakati wa kiangazi huweza kutembea ndani yake kwa saa nzima au zaidi. Mwambao wetu hutoa dakika ishirini au thelathini, kisha giza. Asiyekuwa mahali pake jua linapogusa upeo wa macho amechelewa.

Sasa weka hesabu hizo mbili pamoja, uone kwa nini ninasisitiza kurudia. Bamvua, ambayo hufunua mwamba na mchanga kuliko wakati mwingine wowote, hufanya hivyo saa nne au saa tano asubuhi, wakati mwanga umeshakuwa mkali. Mwanga mzuri wa saa moja asubuhi siku hiyohiyo hukuta maji yakiwa bado mengi. Kwa maneno mengine, maji bora na mwanga bora hukwepana. Hukutana kwa siku chache tu: siku mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama au kupevuka, maji hupwa karibu saa mbili au saa mbili na nusu asubuhi, si kwa kina cha bamvua yenyewe lakini kwa kiasi cha kutosha kufunua mistari ya mchanga, na jua bado liko ubavuni. Kwa mwanga wa alasiri, tazama siku ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu, maji yanapokupwa karibu saa nane au saa tisa. Ukitoka nyumbani saa moja kila asubuhi kwa siku kumi na tano, utakuwa umeupitia karibu mzunguko mzima wa maji bila kubadili saa yako wala njia yako. Ukienda siku moja tu, umechukua kipande kimoja kati ya kumi na tano, tena bila kukichagua.

Mtu atasema: kama bamvua hupwa kwenye jua kali, basi siku hizo tubaki ndani. Hapana. Mwanga mkali una kazi yake, ila si kazi ya asubuhi. Rangi ya bahari, ile kijani inayogeuka samawati hatua kwa hatua kuelekea kilindini, huonekana vizuri jua likiwa juu, kwa sababu miale huingia majini moja kwa moja hadi kwenye mchanga mweupe badala ya kuteleza juu ya uso wa maji. Saa moja asubuhi bahari hiyohiyo ni fedha au risasi. Anayetaka rangi aende saa tano, atumie kichujio cha kupunguza mng'ao kama kamera yake inakipokea, akizungushe taratibu mpaka uso wa maji uache kumetameta na chini kuonekane. Tena kuna maisha ambayo hayapatikani saa nyingine. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwani umekuwa ukilimwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huingia shambani maji ya bamvua yanapokupwa, kwa sababu ndipo vigingi na kamba zao hufikika. Picha ya kweli ya kazi hiyo ni picha ya jua kali. Mpigaji anayesubiri mwanga laini atapata vigingi vitupu majini na hatapata mkulima.

Chukua mifano ya njia zilizopo. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela kando ya maji ni mwendo usiozidi saa moja, ukiwa na mlango wa bahari na kisiwa cha Manda upande mmoja. Njia hiyo maji yakijaa sana huliwa vipande vipande, na kwa kuwa bamvua hujaa karibu saa kumi jioni, msafiri anayetoka mjini wakati huo kwenda kungojea machweo huishia kuvua viatu au kuzunguka kwa ndani. Asubuhi ya siku hiyohiyo njia iko wazi, na jua linatoka upande wa Manda likipiga kuta za mji usoni. Bagamoyo, kutoka mjini hadi magofu ya Kaole ni kilomita tano hivi kwenda kusini, na mikoko ya huko huonekana kitu kimoja maji yakiwa yamejaa, vichwa vya majani vinavyoelea, na kitu kingine kabisa yakipwa, mizizi iliyosimama kama vidole juu ya matope. Mji Mkongwe wa Unguja unatazama magharibi, kwa hiyo machweo yake yako baharini. Jioni ya bamvua vyombo vinaelea bado. Jioni ya maji mafu maji yamerudi nyuma kidogo na vile vidogo hugusa mchanga. Miji hiyo mitatu inadai ratiba tatu tofauti, na hakuna hata mmoja unaojifunua kwa mgeni wa siku moja.

Alfajiri ya bamvua ina zawadi moja inayostahili kutajwa peke yake. Bahari imejaa saa kumi usiku ukingali mzito, imepanda mpaka karibu na mizizi ya minazi, kisha imeanza kurudi. Saa kumi na mbili unakuta mchanga umefuliwa: hakuna nyayo za jana, alama za pikipiki zimefutika, na kaa wameanza kuandika yao. Anayelalamika kwamba fuo zimejaa watu na alama za watu atumie saa hiyo. Aanze kutembea akiwa na jua ubavuni, yaani kaskazini au kusini kama ufuo unatazama mashariki, wala asitembee katikati ya mchanga uliofuliwa, kwa maana atakaporudi nyayo za kwanza kwenye picha zitakuwa zake.

Hesabu hiyohiyo ya maji ni suala la usalama, na hapa ushauri wangu hauna hiari. Mabaharia huyagawa maji yanayojaa katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati. Wakati wa bamvua hiyo ni mita moja na nusu au zaidi ndani ya saa mbili, na haiji kwa mstari ulionyooka kutoka mbele yako. Hujaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu, nawe ungali umeinamia kidimbwi ukitafuta kukiweka kwenye fremu. Fuata maji yakiwa yanatoka, kwa mfano saa mbili kabla ya kupwa, na yakifika mwisho geuka, hata kama picha haijapatikana. Vaa viatu vya mpira vinavyoshika mguu, kwa sababu ya miiba na ncha za mwamba, na kwenye maji ya magotini buruta nyayo badala ya kuzinyanyua ili taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Jedwali la maji la simuni ni zuri, ila limeandikwa kwa ajili ya bandari kubwa. Ndani ya hori na kwenye midomo ya mito maji huchelewa. Muulize mvuvi wa mahali hapo, maana yeye ana jedwali la mahali hapo.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni la muda. Wengi hawana siku kumi na tano. Wana mapumziko ya siku tatu, na wanaona ni hasara kuzimaliza kwenye kilomita tatu. Ninakubali kwamba muda ni mfupi, na ndiyo sababu hawana ruhusa ya kuupoteza barabarani. Siku tatu katika fuo tatu ni safari mbili za gari au boti, tena mara nyingi kwenye saa ambazo mwanga ni mzuri. Siku tatu kwenye njia moja ni matembezi sita, asubuhi na jioni, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu maji yamesogea kwa zaidi ya saa moja na nusu. Siku ya kwanza unajifunza mnazi gani unainamia wapi na mashua hufungwa wapi. Siku ya pili unajua pa kusimama. Siku ya tatu unapiga picha. Aliye na siku chache afanye jambo moja la ziada kabla ya kukata tiketi: atazame kalenda ya mwezi na kuchagua tarehe. Hilo halimgharimu kitu, nalo litafanya kazi kubwa kuliko lenzi mpya.

Pingamizi la pili ni la uchovu: njia moja itatoa picha zinazofanana. Lingekuwa kweli kama pwani ingekuwa ukuta. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na kusi inapovuma katikati ya mwaka, mawimbi huupiga ufuo kutoka pande tofauti, na mchanga unaohamishwa na upepo mmoja huweza kurudishwa na mwingine. Kuna fuo zinazonenepa na kukonda hivyo kila mwaka. Wakati mwingine mchanga haurudi. Kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, kilikuwa na miti katika kumbukumbu ya watu walio hai; leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Aliyepiga picha yake mara kwa mara kutoka mahali pamoja angekuwa na ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena kwa bei yoyote. Mfano wa mjini ni Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Thamani ya hazina yake inatokana na kukaa: ni mji mmoja uliotazamwa kwa miongo mingi, na ndiyo maana anayetaka kuuona Mji Mkongwe wa zamani bado anaitafuta. Picha mbili za mahali pamoja zenye miaka kumi katikati zinasema jambo ambalo picha mia za mahali mia haziwezi kulisema.

Je, kanuni hii inafika bara, ambako hakuna bamvua? Inafika, ila maji yanabadilika kuwa ukungu. Mji wa Lushoto, katika Usambara ya Magharibi, uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu humfikisha mtu kwenye jabali la Irente, ambapo ardhi hukatika na tambarare ya Mombo hulala chini karibu kilomita nzima. Jabali hilo linatazama magharibi. Wengi hulifuata kwa ajili ya machweo, nao hupata jua kwenye lenzi na tambarare iliyofifia. Asubuhi jua liko mgongoni mwako. Kivuli cha mlima kimelala juu ya tambarare na kinajikunja taratibu, kikifunua barabara, mashamba ya mkonge na mabati ya nyumba moja baada ya moja. Jioni igeuzie kamera upande mwingine, kwenye uso wa jabali lenyewe na watu walio juu yake, kwa kuwa wao ndio wanaowakiwa na jua. Katika miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ukungu huweza kuziba kila kitu hadi saa tatu au saa nne, na anayekata tamaa saa mbili hukosa dakika zile unapopasuka. Baada ya mvua hewa huwa imeoshwa na milima ya mbali huonekana. Mwisho wa kiangazi vumbi na moshi wa mashamba hufunika upeo, na hapo ni busara kutazama karibu.

Kutazama karibu ni nusu ya kazi ya shambani. Ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani huliita kwa jina la Usambara lilipelekwa Ulaya na Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, na leo limo kwenye madirisha ya nyumba za nchi nyingi. Kwao, hata hivyo, huota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, chini ya usawa wa macho, na mpita haraka halioni. Siku ya mawingu, ambayo mpenda machweo huihesabu kuwa imeharibika, ndiyo siku ya ua kama hilo, ya majani ya migomba na ya nyuso za watu, kwa maana wingu hutawanya mwanga na kuondoa vivuli vikali. Lipige picha pale lilipo na uliache pale lilipo. Vivyo hivyo kwa mashamba: njia za Usambara hupita ukingoni mwa matuta ya viazi, kabichi na maharage, na hatua moja ya kutafuta pembe nzuri huweza kuvunja tuta la mtu.

Hapo tunafika kwa watu, na hapa ndipo kurudia kunapoonyesha thamani yake kuu. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na mgeni mwenye kamera shingoni ni mweupe zaidi. Siku ya kwanza kila mtu anamwona, kila mtu anabadili mwendo, watoto wanajipanga na wazee wanageuka. Siku ya nne ameshasalimia, ameshaulizwa anakotoka, amenunua madafu au sambusa, na akimpa shikamoo mzee wa kijiweni anaitikiwa marahaba kabla hajafika. Ruhusa inayoombwa baada ya salamu nne haifanani na ile inayoombwa na mtu aliyeshuka kwenye gari sasa hivi. Iombe kwa maneno, wala usijidai kwamba kuinua kamera na kutabasamu ni kuomba. Ukikataliwa, shukuru na uende. Kesho utapita tena. Picha za watoto ziombwe kwa wazazi, wanaoogelea na wanaoswali waachwe, na mavazi yako katika miji ya pwani yafuate heshima ya wenyeji, hasa mwezi wa Ramadhani. Maeneo ya jeshi na ya usalama hayapigwi picha, na kwenye bandari, madaraja na ofisi za serikali uliza kwanza. Ukiahidi kumletea mtu picha yake, ichapishe uilete. Ahadi hiyo ikivunjwa, anayeilipa ni mpiga picha atakayepita baada yako.

Vifaa nimeviweka nyuma kwa makusudi. Simu ya kawaida yenye kioo safi inatosha kwa sehemu kubwa ya niliyoyasema, na anayebisha ajiulize kama simu yake imewahi kuwa ufukoni saa kumi na mbili asubuhi. Jambo la lazima ni kuijua tabia moja ya mashine hizi zote: zinapoachiwa kujiamulia, hutafuta wastani. Mchanga mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera hudhani kuna mwanga kupita kiasi na kuitia picha giza. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele ya mchanga huo au ya bahari inayong'aa hugeuka kivuli. Dawa ni kuongeza mwanga kwa mkono. Kwenye simu gusa uso wa mtu, kisha sogeza alama ya jua juu mpaka sura ionekane. Kwenye kamera ongeza kipimo cha mwanga kwa hatua moja. Afadhali anga lipauke kidogo kuliko mtu apotee. Chumvi na mchanga ndio maadui wa kudumu: usibadilishe lenzi penye upepo wa bahari, beba mfuko unaofungwa vizuri, na ukirudi futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi iache ndani ya mfuko wake kwa nusu saa baada ya kutoka nje, la sivyo lenzi itafunikwa na ukungu wa jasho jua likichomoza, na kuifuta kila dakika hakutasaidia.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba kamera huharibu matembezi, kwamba mtu aliyekuja kuona bahari huishia kuona kioo. Hatari hiyo ipo, lakini humshika zaidi mwenye safari ya mara moja, kwa sababu anaogopa kukosa. Kila kitu kwake ni cha mwisho, basi anakipiga picha kila kitu. Anayejua kwamba kesho atapita tena hana hofu hiyo. Anaweza kujiwekea sharti rahisi: kwenda bila kuinua kamera, kurudi kwa kupiga. Wakati wa kwenda anatazama, anahesabu maji, anaona nani yuko wapi na kivuli kinaelekea wapi. Wakati wa kurudi anachagua picha tano au sita, wala hahitaji mia mbili. Siku ambayo hakuna kilichomvuta anarudi na kamera ambayo haikufunguliwa, na matembezi hayajapungua kitu.

Basi usianze kwa kutafuta ufuo ulio mbali. Toka nje usiku huu utazame mwezi. Ukiwa nusu na unaendelea kukua, una siku nne au tano kabla ya zile asubuhi ambazo maji na jua hukutana, na muda huo unatosha kuichagua njia, kuitembea mara moja mikono mitupu, na kumuuliza mvuvi maji yake hupwa saa ngapi.